Gari la umeme kwenye milima ya Mbeya: tupige hesabu

Tangu shemeji yangu aanze kuendesha Nissan Leaf hapa Uyole, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Hivi linapanda?" Watu hawaanzi na bei, wala hawaulizi betri hukaa miaka mingapi. Wanaanza na mlima. Nami nawaelewa, maana kwetu huku gari hupimwa mlimani. Ukienda Tukuyu lazima uivuke Isongole. Ukienda Chunya unakwea Kawetire. Ukienda Mbalizi kuna mteremko wa Iwambi, na ukienda Dar es Salaam, Kitonga inakusubiri njiani hata uwe na haraka kiasi gani.

Baada ya mwaka mzima wa kukaa kiti cha abiria kwenye gari hilo, na kuandika hesabu zake kwenye daftari, nimeona mambo tofauti na nilivyodhani. Mlima si adui wa gari la umeme. Adui zake ni wengine watatu: umbali, betri iliyochoka, na soketi ya nyumbani isiyoaminika. Anayeuogopa mlima peke yake anaweza kuliacha gari ambalo lingemfaa, au akanunua lile litakalomlaza njiani.

Umeme upi?

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina, kwa sababu nimeshaona watu wakiuziwa kitu kimoja kwa jina la kingine. Yadi za magari huita "la umeme" magari ya aina tofauti kabisa. Toyota Aqua na Prius za kawaida ni haibridi. Zina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri yake hujazwa na injini hiyo pamoja na nguvu inayopatikana gari linapofunga breki. Huchomeki popote. Zinanusa mafuta badala ya kuyanywa, ila bila petroli haziendi.

Inayochanganya zaidi ni Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2016. Tairi zake huzungushwa na mota ya umeme peke yake, kwa hiyo muuzaji akikwambia ni gari la umeme hajadanganya sana. Lakini umeme huo unazalishwa na injini ya petroli iliyomo humo humo ndani, kama jenereta. Nayo haichomekwi. Kisha kuna haibridi za kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander ya aina hiyo, ambazo zina tangi la petroli na pia tundu la kuchajia. Mwisho ndiyo haya ya umeme mtupu, kama Leaf, yasiyo na tangi, ekzosi wala plagi za injini. Ukitaka kujua umesimama mbele ya lipi, zunguka gari utafute mahali pa kuchomeka waya na mahali pa kumimina mafuta. Vifuniko hivyo havidanganyi.

Makala hii inahusu hayo ya mwisho, yanayokula umeme wa ukutani.

Sisi wa LUKU, tunaolipia umeme kabla ya kuutumia, tuna bahati kwenye somo hili, kwa sababu ujazo wa betri ya gari hupimwa kwa kipimo kile kile tunachonunua kwenye simu. Kilowati-saa moja ni uniti moja. Leaf za kwanza, za mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuja na betri ya uniti 24. Baadaye zikaja za 30, za 40, na za 62 mwaka 2019. Ukisikia "Leaf ya arobaini", kama hii ya shemeji, elewa ni simtanki la uniti 40, ingawa gari halikuruhusu kulikausha hadi chini, hivyo unazotumia kweli ni kama 36.

Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Tangi la lita 40 basi limebeba uniti 360, mara kumi ya Leaf. Mtu akiishia hapo atasema mjadala umekwisha. Ila injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo, na nyingine yote hutoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Sogeza mkono karibu na boneti ya gari lililotoka kupanda Kitonga utalisikia joto ulilolipia sheli. Mota ya umeme hufikisha kwenye tairi zaidi ya asilimia 80 ya kilichomo kwenye betri. Kwa hiyo zile 360 za petroli hubaki kama 90, na zile 36 za Leaf hubaki kama 30. Petroli bado inaongoza mara tatu. Uongozi huo ndio unaoeleza kwa nini Toyota IST, kigari cha petroli, inafika Iringa na kukaribia kurudi kwa tangi moja, na Leaf haifiki.

Mlima wenyewe

Julai mwaka jana tulikwenda Tukuyu msibani. Ilikuwa ile baridi ya kwetu ya kuvaa koti juu ya koti, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Shemeji anaendesha, mimi nimeshika daftari. Tuliondoka Uyole betri ikiwa asilimia 96. Hakuwasha hita ya hewa, maana ile hula umeme mwingi. Aliwasha joto la viti, ambalo hutumia kidogo sana na linafika mgongoni haraka zaidi.

Kupanda kuelekea Isongole, penye magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya lami, asilimia zilishuka mbele ya macho yangu. Kileleni nikaandika 79. Nikasema moyoni, tukifika Tukuyu tutakuwa tumeshaumia. Kisha barabara ikaanza kuteremka na mshale wa dashibodi ukaingia upande wa pili, ule wa kurudisha. Mota inageuka jenereta: uzito wa gari unaisukuma, nayo inatia umeme kwenye betri, na hapo hapo inalizuia gari lisikimbie. Shemeji karibu hakukanyaga breki. Kwenye miteremko mikali namba ilipanda, 77 ikawa 78, penye tambarare ikashuka tena. Tukuyu mjini nikaandika 74. Yaani zaidi ya kilomita 30 kwa asilimia tano.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Kutoka Tukuyu hadi Isongole tulitumia asilimia 24, tukafika juu na 50. Kushuka hadi nyumbani tukamaliza na 44. Kwa safari yote ya takriban kilomita 120, kupanda na kushuka mara mbili, gari lilitumia asilimia 52 ya betri, karibu uniti 19.

Kwa nini haikuwa mbaya kama watu wanavyohofia? Hesabu ya fizikia ni fupi. Kuliinua gari la tani moja na nusu na zaidi kidogo, lenye watu wawili, mita 100 kwenda juu, kunahitaji karibu nusu uniti. Mita 1,000 ni kama uniti 5. Ni nyingi, ila ni deni unalorudishiwa sehemu kubwa ukishuka. Gari la petroli hulipa deni lile lile kupanda, na likishuka halirudishi hata tone kwenye tangi. Sehemu kubwa ya nguvu ya mteremko huishia kuwa joto kwenye brekipedi, na ndiyo maana chini ya Iwambi au Kitonga unasikia ile harufu ya breki kuungua.

Kuna jambo la pili, nalo ni letu sisi wa nyanda za juu. Injini ya petroli hupumua. Kila lita ya mafuta inahitaji hewa ya kuichoma, na hewa ya Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hapa mjini huwa imeshapoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Isongole, penye zaidi ya mita 2,000, inapoteza zaidi. Kile kigari kidogo kilichokuwa chepesi Kariakoo kikaja kulia gia ya pili Kawetire hakijaharibika, kimekosa pumzi. Mota ya umeme haihitaji hewa. Nguvu yake ya Kyela, chini ziwani Nyasa, ndiyo nguvu yake ya Kitulo, juu mlimani. Ukikanyaga mlimani, linaondoka kimya bila kutafuta gia, na abiria aliyezoea Noah iliyojaa anashika mlango kwa mshangao.

Na hali ya hewa yetu ni rafiki wa betri. Joto kali ndilo linalozeesha betri za lithiamu mapema, na Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kupoza betri kama magari mengine mengi ya umeme. Leaf inayoishi Uyole ina maisha mepesi kuliko ndugu yake anayeishi Temeke. Baridi hupunguza umbali, kweli, lakini asubuhi za Juni na Julai ndizo zenye tatizo hilo, na makali yake mengi ni hita, ambayo unaweza kuizima.

Lipo onyo moja kwa wanaoishi juu na kushuka asubuhi. Ukichaji hadi asilimia 100 kisha ukaanza safari kwa mteremko, betri haina nafasi ya kupokea kile kinachorudishwa, na gari litakuachia breki za kawaida peke yake. Mtu anayetoka katikati ya jiji kwenda Mbalizi kwa kupitia Iwambi asijaze. Aishie 80 au 85. Shemeji alijifunza hilo wiki ya kwanza, alipoona gari halimshiki kama jana yake.

Shilingi

Tuchukue bei za kuhesabika kirahisi: petroli shilingi 3,000 kwa lita, na uniti shilingi 356 kodi zikiwemo. Bei za mafuta hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inapotangaza bei kikomo, na Mbeya huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri. Badilisha namba, njia ya kuhesabu ni ile ile.

IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita hutumia karibu lita 7.7 kwa kilomita 100, yaani shilingi 23,000. Leaf kwa umbali huo hutumia uniti 16 hivi. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, maana chaja na betri hupata joto, zinafika 18 kwenye mita yako. Hizo ni shilingi 6,400. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa kama 166,000, karibu milioni mbili kwa mwaka.

Ila kuna makato ambayo sijaona muuzaji akiyataja. Nyumba nyingi zetu ziko kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, kama 122 zikiongezwa. Gari la kilomita 1,000 kwa mwezi linakula uniti 180 peke yake. Utahamishwa kundi, na siyo uniti za gari tu zitakazopanda bei: taa, pasi na friji navyo vitahamia kwenye 356. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 7,300 itazilipia zaidi ya 21,000. Kwa hiyo toa elfu 14 kwenye akiba yako ya mwezi. Faida bado ni kubwa, ila heri uijue mapema kuliko kugombana na mita.

Matengenezo nayo ni mepesi. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini, hakuna gia boksi ya kuhangaika nayo. Zinabaki tairi, bushi, shokapu na stelingi, na kwa barabara zetu za mtaani hivyo ndivyo vinavyokula pesa kwenye gari lolote. Leaf ni nzito kuliko IST, kwa hiyo tairi na bushi zake haziponi kwa kuwa ni za umeme.

Umbali, na dumu la lita tano

Hapa ndipo mchezo unapogeuka. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Iringa ni zaidi ya 300. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Leaf ya arobaini yenye betri nzima huenda kilomita 200 na kitu kwa hesabu ya kweli, siyo ile ya kwenye karatasi. Kwa hiyo Tukuyu na kurudi, sawa. Kyela na kurudi siku hiyo hiyo, hapana, kwa sababu kutoka ziwani hadi kilele cha Isongole unapanda zaidi ya mita 1,500 na hapo ulishatumia betri kushuka. Tunduma na kurudi, kwa presha. Iringa, mpaka ulale njiani ukichaji.

Barabara yetu kuu ina sheli kila unapogeuka: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Ukiishiwa katikati, bodaboda anakuletea dumu la lita tano na safari inaendelea. Umeme haubebwi kwenye dumu. Gari la umeme likizima Igawa usiku linahitaji lori la kulibeba, au mwenye nyumba mwema mwenye soketi na subira ya saa nane. Kwa hiyo nasema wazi: usianze safari ndefu kwenye barabara hii kwa kutegemea kituo cha kuchajia haraka usichokijua kwa macho yako. Hata ukikikuta, angalia kichwa cha waya. Magari ya Japani kama Leaf hutumia kichwa cha kuchajia haraka cha CHAdeMO, ya China yana cha kwao, na ya Ulaya cha kwao. Ni kama enzi zile chaja ya Nokia pini nene haiingii kwenye ya pini nyembamba, isipokuwa hapa huwezi kuazima kwa jirani.

Mfanyabiashara wa mpunga anayeshinda kati ya Ubaruku na Mbeya, anayebeba gunia nyuma na hajui kesho atakwenda Njombe au Songea, abaki na gari lake la mafuta. Simwonei haya kumwambia hivyo. Mzigo mzito, njia isiyotabirika na kijiji kisicho na umeme imara ni eneo la petroli na dizeli, na litabaki hivyo kwa muda. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka anayetoka Iyunga kwenda Soweto na kurudi kila siku, kilomita chache tu, analipia petroli uwezo asioutumia hata mara mbili kwa mwezi.

Kuna wanaosema umeme wenyewe si wa kutegemea. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 tunaukumbuka. Lakini mwaka huo huo wa 2023 tulipanga foleni sheli zilipokauka, na bei za 2022 zilipanda kwa sababu ya vita ya Ukraine. Petroli yetu yote huja kwa meli, kisha inapandishwa Kitonga kwa malori. Umeme, kwa sehemu, unaondoka kwetu: maji ya Ruaha Mkuu yakitoka Usangu, yakaungana na ya Ruaha Mdogo uliopita Iringa mjini, huzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye 204, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 liko chini zaidi kwenye Mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu humwagia maji yake. Katika miezi kumi na miwili ya daftari langu, siku ambazo shemeji alishindwa kutoka kwa kukosa chaji ni mbili. Alipanda bajaji.

Betri iliyochoka

Jirani yetu mmoja alinunua Leaf ya uniti 24 kwa muuzaji aliyemhakikishia kilomita 200. Siku ya kwanza alikwenda Mbalizi, akarudi, akapitia Mwanjelwa, na jioni gari likamwonyesha kobe, ile alama ya dashibodi inayosema nguvu imekwisha. Gari halikuwa na kasoro yoyote. Betri yake ilikuwa imezeeka na hakuna aliyemwambia.

Betri ya lithiamu hupungua ujazo kadiri miaka inavyokwenda, kama simu ya zamani inayokufa saa saba mchana. Kwenye Leaf unaweza kuiona hali hiyo kwa macho. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna safu ya vijistari vidogo, 12 gari likiwa jipya. Cha kwanza hupotea betri ikishapoteza kama asilimia 15, kisha kila kimoja kinachofuata ni kama asilimia 6. Gari lenye vijistari 9 limebaki na asilimia 70 hivi. Kwa Leaf ya 24 hiyo ni kama uniti 15 za kutumia, kilomita 100 tambarare. Toa akiba ya kurudi nyumbani na milima yetu, weka 75. Usichanganye vijistari hivi na vile vya chaji. Vya chaji hujaa kila asubuhi, hivi vikishaondoka havirudi.

Kwa uhakika zaidi, nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya stelingi, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, na usome asilimia ya afya ya betri kabla hujatoa hata shilingi. Fanya hivyo hata kama muuzaji ananuna. Gari la petroli unalisikiliza injini na kuangalia moshi. Hili halina mlio wala moshi, kwa hiyo namba hiyo ndiyo masikio yako. Na kabla ya kuagiza lililo kuukuu kwa kuwa ni la bei ndogo, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, maana magari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa uchakavu, na ukijumlisha na betri iliyochoka unaweza kukuta rahisi imekuwa ghali.

Bila shaka siku moja betri itahitaji kubadilishwa, na hiyo ni gharama ya mamilioni. Ndiyo maana nasisitiza afya yake siku ya kununua kuliko rangi, redio na rimu.

Soketi

Soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitumika kwa ampea 10, inatoa kama uniti 2.3 kwa saa. Kwa usiku wa saa nane unapata karibu 18, zinazotosha kilomita 100. Kwa mtu wa mjini hiyo ni zaidi ya anachohitaji. Chaja ya haraka nyumbani haimhusu.

Kinachomhusu ni waya uliomo ukutani. Pasi hutumia umeme mwingi kwa dakika kumi na tano. Gari hutumia kama huo kwa saa nane mfululizo, na kiungo kilicholegea ambacho pasi haikukifichua kitayeyuka usiku wa manane. Soketi ya kwanza ya shemeji ilibadilika rangi ikawa kama chapati iliyoungua, plastiki ikanuka hadi chumbani. Fundi alipoifungua alikuta waya mwembamba wa taa. Sasa ana laini yake ya pekee kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, breka yake, na ethi iliyopimwa. Pia usimruhusu mtu akate kichwa cha waya wa Kijapani akiunganishe na plagi yetu kwa kubahatisha. Kwao umeme wa nyumbani ni volti 100 au 200, wetu ni 230, na siyo kila waya wa kuchajia wa kutoka Japani umetengenezwa kuuvumilia. Kuhusu mafundi wa gari lenyewe, nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti zina volti mia tatu na zaidi. Fundi asiyezijua asiziguse, hata awe na miaka thelathini gereji.

Kama ningeulizwa umeme uanzie wapi hapa Mbeya, ningesema bajaji kabla ya magari. Ile inayozunguka Kabwe, Mwanjelwa na Soweto haiendi Iringa. Inalala pale pale kila siku, inasimama na kuondoka mara mia, na kwenye foleni ya Mafiati injini yake inaunguza petroli ikiwa imesimama, wakati mota ya umeme ikisimama haili kitu. Dereva wa bajaji ndiye anayehesabu mafuta kila jioni kabla ya kupeleka hesabu ya bosi, kwa hiyo ndiye atakayeiona tofauti kwanza.

Desemba familia ilikwenda Iringa kwenye harusi. Leaf ilibaki Uyole ikiwa na asilimia 58, kwa sababu betri haipendi kukaa muda mrefu ikiwa imejaa wala ikiwa tupu, nao wakapanda basi la asubuhi. Waliporudi baada ya siku tisa betri kubwa ilikuwa karibu pale pale ilipoachwa, lakini gari lilikataa kuamka. Chini ya boneti kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, inayowasha taa na kompyuta, na hiyo ndiyo iliyokuwa imeisha. Shemeji alivuka barabara kwa jirani mwenye IST, wakaleta zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na ndani ya dakika mbili Leaf ikawaka.